Mashimo ya Mfalme Sulemani ni mangapi?

Tangu niseme hapa kwamba naandika orodha ya kila kilichozaliwa, filamu na tafsiri, na riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, *King Solomon's Mines*, ile aliyoitafsiri Frederick Johnson mwaka 1929 kwa jina la *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, maswali hayajakatika. Mengine nimeulizwa nikiwa nanunua samaki. Leo nayajibu haya.

Shikamoo mwalimu. Nimeandika filamu zote daftarini kwa jina la kitabu, sasa sijui ipi ni ipi. (Msomaji, Langoni)

Marahaba. Jina halikusaidii kitu hapa. Kuna filamu ya 1937, ya 1950, ya 1985, na ya televisheni ya 2004, na zote nne zina jina moja. Anza kila mstari kwa mwaka, kisha mwongozaji, jina lije mwisho.

Mwongozaji naye mwandike kwa ukamilifu. Ile ya 1937 iliongozwa na Robert Stevenson, ambaye si Robert Louis Stevenson wa *Kisiwa chenye Hazina*. Inasimuliwa kwamba Haggard alianza kuandika *Mashimo* baada ya kuwekeana dau na nduguye kuhusu riwaya hiyo hiyo ya kisiwa, kwa hiyo majina yote mawili yataingia katika maelezo yako. Mjukuu wangu aliandika "Stevenson" tu kwenye kompyuta, akazipanga kwa alfabeti, na marehemu wa 1894 akajikuta anaongoza filamu.

Filamu ya 1950 ina mwanamke wa Kizungu anayemtafuta mumewe. Kitabuni simwoni. Niiache? (Msomaji, Mkomani)

Usiiache, ila andika alivyoingia. Katika riwaya, Sir Henry Curtis anamtafuta ndugu yake, na Allan Quatermain, anayeisimulia, anatuambia mapema kabisa kwamba hadithi yake haina mambo ya mabibi. Watengeneza filamu hawakulikubali hilo. Ya 1937 ilikuwa imeshamtia mwanamke safarini, na ya 1950 ikamfanya Deborah Kerr ndiye mwenye msafara.

Ndiyo maana nina safu niliyoiita "kimegeuzwa nini". Kadi yangu ya filamu hiyo inasomeka hivi: "1950. Compton Bennett na Andrew Marton. Stewart Granger, Deborah Kerr. Imepigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Kimegeuzwa: ndugu amekuwa mume. Nimeiona mwenyewe, mara mbili."

Maneno ya mwisho hayo ndiyo ninayoyathamini kuliko yote. Zamani sikuwa nayaandika. Nikanunua diski dukani, kasha lina picha ya Richard Chamberlain na Sharon Stone, yaani ile ya 1985 iliyopigwa Zimbabwe. Nikaijaza kadi kwa kulitazama kasha, nikamaliza. Miezi baadaye tukaiweka tuitazame, akatokea Stewart Granger! Kadi ilikuwa nzuri sana, ya filamu ambayo sikuwa nayo. Tangu hapo kila mstari una "nimeiona", "nimeisoma mahali" au "nimeambiwa", na sioni haya kwamba "nimeambiwa" ni nyingi.

Kuna na nyingine ya kukupa kazi: *Watusi* ya 1959. Hii ilitumia tena vipande vilivyopigwa kwa ajili ya filamu ya 1950. Mimi nimeiweka chini ya filamu hiyo, si moja kwa moja chini ya kitabu. Ni mjukuu, si mtoto.

Mwalimu, niliiona ya Chamberlain kibandani, DJ akiisimulia kwa Kiswahili chake. Inahesabika? (Kijana wa Malindi)

Kwangu inahesabika, na wanaokataa waniambie Johnson alifanya nini tofauti, ukiacha kuvaa tai. DJ anafupisha, anambatiza mhusika jina la mtaani, anatia utani pale mwenyewe alipokuwa kimya. Iingize kama tawi chini ya 1985, uandike ulisikia wapi na mwaka gani, maana kazi za namna hiyo zinapotea kabla hujageuka.

Ile filamu ya jiji la dhahabu, *Allan Quatermain and the Lost City of Gold*, wengine wanaandika 1986, wengine 1987.

Andika mwaka ilipoonyeshwa mara ya kwanza popote pale, yaani 1986. Huo mwingine utie kwenye maelezo. Na uihamishe kwenye orodha nyingine: jina lake linatokana na Allan Quatermain, mhusika mwenye riwaya yake nyingine.

Ni kweli Lamu imo? (Wengi)

Katika *Mashimo*, hapana. Imo katika hiyo riwaya nyingine, *Allan Quatermain* ya mwaka 1887. Wasafiri wanaketi kwa balozi mdogo wa Kiingereza hapa hapa Lamu, wanamkuta Umslopogaas, Mzulu mwenye shoka lake, kisha wanashika njia ya Mto Tana kuelekea Mlima Kenya. Haggard hakuokota jina letu ramanini tu: kaka yake Jack aliwahi kuhudumu Lamu katika ubalozi huo. Kwa hiyo kitabu hicho kina orodha yake peke yake, na nakiri kwamba naipendelea.

Nina *Mashimo* ya marehemu babu. Jalada limetoka, mwaka siuoni. Niandike 1929? (Msomaji, Shela)

La, mwanangu. 1929 ni mwaka wa tafsiri kutoka, na kitabu kilichapwa tena baadaye. Fungua ukurasa wa jina, ugeuze nyuma yake. Mwaka wa chapa hukaa huko. Usipokuwapo, andika "mwaka haukuonekana", hesabu kurasa, pima urefu kwa rula, na uandike jina la babu kama alilitia ndani.

Usikibandike selotepu. Kitoe kwenye rafu ya dirishani kabla kusi halijakitia ukungu, ukifunge kwa kitambaa cha pamba. Alhamisi baada ya alasiri nipo barazani. Njoo nacho, nikione kwa macho yangu ndipo nikiandike.