Mnauliza, Tunajibu: Kampeni ya Kuirekebisha Mahakama ya Juu

Safari hii tumechagua barua zinazohusu jambo moja: wananchi wanaotaka mahakama ya juu kabisa ya nchi yao irekebishwe, na wanauliza kampeni ya namna hiyo inaongozwaje. Maswali tumeyafupisha.

Ndugu wataalamu, tuko watu kumi na wawili. Mmoja amekasirishwa na hukumu fulani, mwingine hapendi namna majaji wanavyoteuliwa, wa tatu analalamikia kesi kukaa miaka. Tuanzie wapi?

Chagueni kasoro moja, na iwe kasoro ya mfumo. Hukumu msiyoipenda haitoshi. Kipimo chake ni hiki: pendekezo lenu mngelitetea hata kama majaji waliopo wangekuwa wanaamua kila kesi mnavyotaka? Kama hapana, liacheni. Wapinzani watalibaini siku ya kwanza, nanyi hamtakuwa na jibu.

Mkishachagua, tafuteni kasoro hiyo imeandikwa wapi. Ngazi ni tatu: katiba, sheria iliyotungwa na bunge, na kanuni ambazo mahakama hujitungia yenyewe. Hapa ndipo kampeni nyingi hupotea, kwa kuwa zinabisha hodi kwenye mlango usio wake. Nchini Marekani idadi ya majaji 9 haimo kwenye katiba. Iliwekwa na sheria ya mwaka 1869, na sheria nyingine inaweza kuibadilisha. Lakini jaji kukaa kazini maisha yake yote kunatokana na ibara ya tatu ya katiba, na kubadili katiba ya huko kwa njia ya kawaida kunataka theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, kisha robo tatu ya majimbo. Kenya mambo ni tofauti: majaji 7 wa Mahakama ya Juu na umri wao wa kustaafu, miaka 70, vyote vimo ndani ya Katiba ya 2010. Anayeiga madai ya nchi moja na kuyapeleka nchi nyingine ataomba sheria ya kawaida mahali panapotaka marekebisho ya katiba.

Chukueni karatasi mchore safu nne: kasoro, ilipoandikwa, mwenye mamlaka ya kuibadili, na kura zinazohitajika. Msichapishe bango hata moja kabla karatasi hiyo haijajaa.

Tumekubaliana kudai ukomo wa muda kwa majaji. Wengine wanasema miaka 10, wengine 18. Ipi ni sahihi?

Swali la kwanza si miaka mingapi. Jiulizeni mnataka kiti kiwe wazi kila baada ya muda gani, kisha zidisheni kwa idadi ya majaji. Majaji 9 na nafasi moja kila miaka 2 ni miaka 18, na ndiyo maana namba hiyo husikika sana Marekani. Majaji 7 kwa mwendo uleule ni miaka 14. Muda mfupi mno humpa rais mmoja nafasi ya kuteua karibu mahakama nzima. Muda mrefu mno hauponyi kitu.

Muhula uwe mmoja tu, usiorudiwa. Jaji anayesubiri kuteuliwa tena huandika hukumu huku akimtazama atakayemteua. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ina majaji 16 katika mabaraza mawili ya watu wanane wanane. Kila mmoja hukaa miaka 12 bila kurudi, na akifika umri wa miaka 68 anaondoka hata kama muhula haujaisha. Nusu yao huchaguliwa na Bunge na nusu na baraza la majimbo, kwa theluthi mbili, kwa hiyo upande mmoja peke yake hauwezi kuwajaza watu wake.

Halafu kuna mambo mawili ambayo rasimu nyingi huyasahau. La kwanza ni jaji anayefariki au kujiuzulu katikati ya muda wake. Mrithi wake akipewa muhula mpya kamili, ratiba yote inavurugika. Andikeni kwamba atamalizia miaka iliyobaki tu. La pili ni majaji waliopo. Poland ilishusha umri wa kustaafu wa majaji wa Mahakama ya Juu kutoka miaka 70 hadi 65, ikaanza na waliokuwa kazini. Tarehe 24 Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hatua hiyo ilikiuka sheria ya Umoja. Ukomo unaowang'oa waliomo husomeka kama kisasi, hata ukiwa na nia njema. Uanze kwa watakaoteuliwa baada ya sheria kupita. Ni polepole, na kundi lenu litanung'unika, lakini ndiyo njia inayosimama.

Kwa nini tusidai tu kuongezwa majaji? Ni haraka zaidi.

Ni haraka, na ndiyo hatari yake. Mwaka 1937 Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, alitaka kuongeza jaji mmoja kwa kila jaji aliyevuka miaka 70 bila kustaafu, hadi majaji 6. Sababu aliyoitoa ilikuwa mzigo wa kazi na uzee. Kila mtu alijua kwamba kilichomkera ni hukumu zilizobomoa sheria zake za uchumi. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa Seneti, na bado pendekezo likarudishwa kwenye kamati kwa kura 70 dhidi ya 20, likafia huko. Sababu inayotajwa hadharani ikitofautiana na ile ya kweli, hata marafiki hukimbia.

Kama kweli mahakama imeelemewa, leteni hesabu: kesi zilizofunguliwa, zilizoamuliwa na zilizobaki kila mwaka kwa miaka mitano mfululizo. Kisha pangeni nafasi mpya zijazwe baada ya uchaguzi mkuu ujao, wakati hakuna anayejua nani atakuwa madarakani. Kifungu hicho kimoja cha tarehe hujenga imani kuliko hotuba ishirini.

Vipi kuhusu kupiga kura kuwachagua majaji?

Hatuungi mkono. Mexico ilibadili katiba mwaka 2024 na tarehe 1 Juni 2025 wananchi wakawapigia kura majaji, wakiwemo wa mahakama ya juu, iliyopunguzwa kutoka viti 11 hadi 9. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 13. Karatasi za kura zilikuwa na majina mengi ambayo mpiga kura wa kawaida hana namna ya kuyapima. Tume huru inayotangaza nafasi na kuwahoji waombaji hadharani inafaa zaidi.

Mahakama yetu imetangaza kanuni za maadili. Je, tudai nini tena?

Someni kanuni hizo mkitafuta neno moja: nani. Nani anapokea malalamiko? Nani anachunguza? Nani anaamua? Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa kanuni zake tarehe 13 Novemba 2023, zikiwa na saini za majaji wote 9, lakini hazikuweka chombo cha kuzisimamia. Kanuni bila msimamizi ni nasaha.

Daini mambo yanayopimika. Zawadi na safari za kulipiwa zitangazwe ndani ya siku 30, zikiwa na thamani na jina la mtoaji. Jaji anayeombwa kujiondoa kwenye kesi, akubali au akatae, atoe sababu kwa maandishi. Ombi la mgongano wa maslahi lisiamuliwe na yeye peke yake. Malalamiko yachujwe na majaji wastaafu au wa mahakama nyingine, na muda wa kuyajibu uandikwe.

Angalieni pia akidi. Mahakama ya Juu ya Kenya ina majaji 7 na haiwezi kukaa bila 5, kwa hiyo watatu wakijiondoa kesi imekwama. Mkidai masharti makali ya kujiondoa, semeni atakaimu nani. Msiposema, tajiri mmoja mwenye kesi anaweza kuyatumia masharti hayohayo kuisimamisha mahakama.

Tunaweza kutaja kesi inayoendelea kwenye mabango yetu?

Msiitaje. Mnaweza kushtakiwa kwa kuidharau mahakama, na hata msiposhtakiwa mtaonekana mnamshinikiza jaji. Msichapishe anwani ya jaji wala picha ya familia yake, na msiandamane nyumbani kwake. Tangazeni wafadhili wenu na kiasi walichotoa kabla hamjaulizwa.

Saini tukusanye ngapi, na bungeni tuingieje?

Saini zina nguvu ya kisheria pale tu katiba inapozipa nguvu. Kenya, ibara ya 257 inataka wapiga kura 1,000,000 walioandikishwa, kisha mabunge ya zaidi ya nusu ya kaunti 47 yakubali. Na jambo likigusa uhuru wa Mahakama, kura ya maoni ni lazima. Mlango huo ni wa wananchi: tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba rais hawezi kuutumia kuanzisha marekebisho, na mpango wa kurekebisha katiba ulioitwa BBI ukaanguka. Asili ya pendekezo inachunguzwa, basi hifadhini kumbukumbu za kikao chenu cha kwanza.

Kusanyeni robo zaidi ya idadi inayotakiwa, kwa kuwa nyingi zitakataliwa: namba ya kitambulisho imekosewa, mtu hakuandikishwa, amesaini mara mbili. Hakikini fomu kila wiki. Kundi linalosubiri hadi mwisho hugundua wakala mmoja alijaza kurasa arobaini kwa mwandiko wake. Fomu zina taarifa za watu, zifungiwe kabatini.

Bungeni, kamati ya sheria ndiyo yenye uzito. Waorodhesheni wajumbe wake kwa majina: anayeunga mkono, anayepinga, asiyeamua. Muda wenu upelekeni kwa wasioamua, na kila mmoja aendewe na mpiga kura wa jimbo lake. Andiko lisizidi kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza uwe na maneno ya kifungu chenyewe mnachotaka kipitishwe. Usipoleta maneno yako, mwandishi wa sheria wa serikali ataleta yake, na "lazima" itageuka "anaweza".

Muswada ukipita, kazi imeisha?

Bado. Uingereza ilitunga sheria ya kuanzisha Mahakama ya Juu mwaka 2005, na mahakama ikafungua milango Oktoba 2009. Katikati hapo kulikuwa na jengo, kanuni na bajeti. Bakizeni watu watatu wa kufuatilia: tarehe ya sheria kuanza kutumika, fungu lake kwenye bajeti, na kanuni za utekelezaji. Kisha ngojeni kiti cha kwanza kiwe wazi, na siku hiyohiyo ulizeni kwa barua kama nafasi imetangazwa kwa utaratibu mpya.