Kwa nini kirusi kimoja humpita mmoja kama mafua na kumlaza mwingine kwenye oksijeni

Dada yangu, umeuliza jambo ambalo wengi hulala nalo bila kulisema: kila kinapotangazwa kirusi kipya husikia kwamba fulani aliugua kama mafua na jirani yake wa umri uleule akazikwa, nawe unabaki kujiuliza wewe na baba yako mwenye presha mtaangukia upande gani. Waliotangulia kukujibu wamekuambia usiwe na hofu. Mimi naona hofu yako ina msingi, na nitakujibu kwa korona, kwa kuwa ndiyo niliyoiuguza nyumbani kwetu Mombasa katika wimbi la Delta la mwaka 2021, na ndiyo iliyochunguzwa sana kati ya maradhi mapya ya zama zetu.

Nyumba yetu ilikuwa na watu wa kila rika na tuliambukizwa karibu wakati mmoja. Watoto hawakuwa na dalili yoyote. Mimi nilipotewa na harufu na ladha, nikawa nakaanga vitunguu bila kujua kama vinaungua. Mama mkwe wangu, mwenye kisukari na aliyekwisha kupita miaka 70, ndiye tuliyemwekea wasiwasi wote, lakini alipata homa na uchovu, akashinda kwa uji, akainuka. Aliyezidiwa ni shemeji yangu, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mcheza mpira wa kila jioni, ambaye hakuwahi kutumia dawa ya maradhi ya kudumu.

Ukiishia hapo utasema ni nasibu tupu, nasi tulisema hivyo. Hata hivyo, baadhi ya sababu zilikuwa mbele ya macho yetu. Mama mkwe alikuwa amechanjwa, kwa kuwa wazee walitangulizwa chanjo zilipofika Kenya mwezi Machi mwaka huo, na shemeji alikuwa bado. Umri ulikuwa kigezo kikubwa kuliko vyote katika hesabu za vifo, ukifuatwa na maradhi kama kisukari na ya moyo. Lakini kigezo hicho hueleza kundi la watu, hakimwelezi mtu mmoja. Mfano ulionekana mapema, Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilipozuiwa Yokohama, Japani. Ilikuwa na watu 3,711, abiria wengi wakiwa wazee, na kati ya 712 waliokutwa na kirusi karibu nusu hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa.

Iliyonituliza moyo zaidi ni habari ya intaferoni. Seli ikivamiwa na kirusi hutoa kemikali hii, nayo ndiyo mbiu ya mgambo ya mwili: seli za jirani zikiisikia hujifunga, na askari wa kinga huanza safari. Mwaka 2020 kundi la watafiti wakiwemo wa Jean-Laurent Casanova, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, lilichapisha matokeo kwamba kati ya wagonjwa 987 waliougua hadi kukaribia kufa, 101 walikuwa na kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoshambulia intaferoni zao wenyewe. Wanaume walikuwa 95 kati ya hao 101. Kati ya watu 663 walioambukizwa bila dalili au kwa dalili nyepesi, hakupatikana hata mmoja mwenye kasoro hiyo. Fikiria maana yake: mtu anaweza kuishi miaka mingi akiwa na siha njema, akikimbia uwanjani, huku mbiu yake imezibwa, na asijue mpaka kije kirusi ambacho mwili wake haujawahi kukutana nacho. Wapo wengine waliozaliwa na hitilafu za vinasaba kwenye njia hiyohiyo. Sidai kwamba shemeji yangu ni mmoja wao, kwani hakupimwa. Nasema tu kwamba tunachokiita nasibu mara nyingi ni sababu iliyojificha mwilini.

Wala tabia hii haikuanza na korona. Polio huwapooza watu wachache mno, takriban mmoja katika kila maambukizi 200, na wengi wa waliobaki hawajui kama waliipata. Dengi tunayoijua sisi wa pwani humpitia mmoja kimya, na aliyewahi kuugua aina moja anaweza kuugua vibaya zaidi akipata aina nyingine.

Kwa hiyo swali la mtaangukia upande gani halina atakayelijibu mapema, na kulirudiarudia usiku hakutakupa chochote. Swali linalojibika ni hili: mgonjwa yuko siku ya ngapi tangu dalili ya kwanza, na anapumuaje? Shemeji alikohoa, akapata homa, kisha akapata nafuu hata akaomba biriani. Hali ilibadilika kuelekea juma la pili, wakati ambao kwa wengi waliozidiwa kinga yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiunguza mapafu. Hakulalamika kukosa pumzi. Alikuwa akizungumza kwa simu kwa utulivu nilipomvika kipimo cha oksijeni kidoleni kikasoma 84, ilhali kwa kawaida husoma 95 au zaidi. Hospitalini aliwekewa oksijeni na kupewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga ambayo majaribio ya RECOVERY ya Uingereza yalionyesha Juni 2020 kwamba hupunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine za kupumulia na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu, na ndiyo maana inaniuma kusikia watu waliinunua dukani na kuimeza tangu siku ya kwanza. Kujifukiza nako hufungua pua, lakini hakupandishi oksijeni.

Kuhusu baba, asiache dawa zake za presha, apate chanjo inapokuwepo, na akiugua andika tarehe ya dalili ya kwanza. Mpime oksijeni kwa kipimo cha kidoleni asubuhi na jioni, akiwa amekaa na mikono ina joto. Ondoa rangi ya kucha, na kwa akina mama chagua kidole kisicho na piko. Ikishuka chini ya 94 mpigie daktari, na chini ya 90 usingoje kupambazuke. Zingatia pia kwamba utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kuwa vipimo hivi huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo angalia namba inavyoshuka siku hadi siku, usiiangalie peke yake. Kama hamna kipimo nyumbani, mwambie atembee taratibu chumbani kisha azungumze: akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, akichanganyikiwa, au midomo na ulimi vikigeuka rangi ya kijivu au buluu, mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama yeye mwenyewe anasisitiza kwamba hajambo.