Azores: kibanda kile kile, kazi nyingine
Umeuliza inakuwaje watalii wa visiwa vya Azores, Ureno, waone nyangumi karibu kila safari na bahari yote ile. Siri ni vigia, kibanda cha mlinzi juu ya jabali chenye upenyo mwembamba unaotazama bahari. Vingi ni vile vile vya wawindaji wa nyangumi. Huko kisiwa cha Pico nyangumi wa mwisho aliuawa 1987. Zamani mlinzi akiona pumzi ya nyangumi ikiruka juu alirusha fataki, watu wakakimbilia mashua na vyusa. Leo ana darubini kubwa na redio, anamwelekeza nahodha.

Nyangumi spemaseti, yule wa kichwa kikubwa, hamsumbui mzoefu kumtambua: mvuke wake haupandi wima, huinamia mbele kushoto. Hukaa juu kama dakika 10, kisha mkia hewani, anazama dakika 40 au zaidi. Ukichelewa, zima injini, shusha maikrofoni ya majini, usikilize milio yake ya kugongagonga. Boti humwendea kwa nyuma, isipungue mita 50. Kinachoharibu siku ni upepo: bahari ikishatoa povu jeupe, mlinzi hatofautishi povu na pumzi, hata umpe darubini gani.