Jibu: Waya za fedha zinayeyuka kabla ya lehemu kushika

Salamu ndugu. Nimekuelewa kwamba unajaza fremu ya hereni kwa waya nyembamba zilizosokotwa, lakini ukipuliza moto zinajikunja na kuwa vidonge kabla lehemu (metali ya kuunganishia) haijatiririka.

Kwanza chunguza aina ya fedha unayotumia. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha kwa kila 1000 na iliyobaki shaba, huanza kuyeyuka karibu sentigredi 800, ilhali fedha safi huvumilia hadi takriban 961. Ndiyo maana katika karakana yangu hapa Kariobangi waya za kujazia huwa za fedha safi, na fremu peke yake ndiyo ya 925.

Kisha tazama moto wako. Nimewahi kuharibu hereni kadhaa, jambo lililoniuma sana, kwa kuelekeza mwali kwenye waya, ambazo hushika joto upesi kuliko fremu. Sasa hupasha fremu polepole kwa kuizunguka. Lehemu ninaisaga kwa tupa iwe unga, ninaichanganya na boraksi (unga unaosaidia lehemu kutiririka), kisha ninainyunyiza kidogo sana juu ya kazi iliyolowanishwa, kwa sababu ikizidi huziba mianya na urembo wote hupotea. Ondoa moto mara tu uonapo lehemu iking'aa kati ya waya.