Faiba au ubaki na waya wa simu?

Kaka wa Isamilo, hapa Mwanza, umeuliza kama ukubali mafundi waung'oe waya wa simu wakuwekee faiba, yaani uzi wa kioo wa intaneti. Kubali. Waya wa shaba una ukomo: ADSL2+ (intaneti inayopita kwenye waya wa simu) mwisho wake ni Mbps 24, tena hizo ni za aliye jirani na kituo cha simu. Ukikaa kilomita tatu nne huko unaokota makombo. Faiba hupitisha mwanga, umbali huo haiusikii kabisa. Halafu radi za ziwa letu unazijua. Shaba huweza kuzileta hadi kwenye ruta, uzi wa kioo haupitishi umeme (plagi ya ukutani bado uichomoe mvua ikianza).

Ila simamia kazi mwenyewe. Kwenye miamba yetu hii fundi mwenye haraka huukunja uzi kwenye kona ya jiwe, na ukikunjwa sana mwanga unavuja, laini inakatikakatika. Mwambie aupindishe kwa duara pana. Kiboksi cha faiba kinahitaji umeme pia, kwa hiyo tafuta betri ndogo ya akiba. Na kasi ipime kwa kebo kwanza, Wi-Fi ya chumba cha nyuma itakudanganya.