Kalponini kwenye kinyama cha titi: anza na mshipa wa damu

Vijana wanaoanza patholojia huniuliza sana swali hili: tukipaka kinyama (kipande cha titi kilichokatwa kwa uchunguzi) kingamwili inayoishika kalponini na kuipa rangi, nayo ikatoka kahawia kuzunguka kundi la seli, ndiyo kusema saratani haijavamia? Ndugu zangu, msikimbilie huko.

Kalponini ni protini inayoshikamana na nyuzi za aktini ndani ya seli za misuli laini, kama ile ya kuta za mishipa ya damu, utumbo na mfuko wa uzazi. Takahashi na wenzake wa Japani waliieleza mwaka 1986, baada ya kuichuja kutoka kwenye firigisi ya kuku. Ikishika aktini, huzuia mayosini, protini inayovuta nyuzi hizo msuli ujikaze, isivute kwa nguvu zake zote.

Sisi wa matiti tunaihitaji kwa sababu mirija ya maziwa imezungukwa na seli zenye tabia ya misuli, zinazokamua maziwa yatoke, nazo zina kalponini. Tabaka hilo likiwa zima, seli za saratani bado zimo ndani ya mrija. Likitoweka, kwa kawaida zimeshatoka nje, na matibabu yanabadilika kabisa.

Kabla hujatazama mrija wowote, tafuta mshipa mdogo wa damu kwenye slaidi hiyohiyo. Ukuta wake lazima uwe kahawia. Ukiwa umepauka, usisome chochote, rudia. Mara nyingi tatizo lilianzia chumba cha upasuaji: kinyama kilikaa kikavu, au kilisongamana kwenye fomalini kidogo, yaani dawa ya kukihifadhi kisiharibike. Waombeni wauguzi, kwa heshima, wakitumbukize mara moja kwenye fomalini ya kutosha, na kwa titi kikae humo kati ya saa 6 na 72. Nasisitiza hili kwa sababu hakuna rangi inayoweza kuokoa kinyama kilichoharibika.

Halafu kuna kovu. Seli za kovu linaloota pembeni mwa saratani nazo hushika kalponini. Utaona uzi mwembamba wa kahawia umeambaa na kundi la seli, na moyo utatulia mapema mno. Kuza zaidi: seli ya kovu ni ndefu, imechongoka ncha zote mbili, na mara nyingi pana upenyo kati yake na kundi. Seli ya tabaka la mrija hulikumbatia kundi kabisa.

Ndiyo maana naagiza pamoja nayo p63, kingamwili ya protini nyingine ya seli hizo za tabaka la mrija. Hiyo hupaka kiini cha seli tu na huziacha seli za kovu, ingawa viini vikiwa mbalimbali mstari huonekana umekatika. Hapo kalponini huziba pengo. Najua kila kingamwili ina bei yake na mara nyingi mgonjwa ndiye anayelipa, lakini kumwondoa mama titi bila sababu ni gharama isiyorudishika.

Kwenye ripoti andikeni alama zote mbili, kalponini na p63, na mlichoona kwa kila moja. Zikipingana, semeni hivyo waziwazi na mpelekeeni mwenzenu slaidi kabla daktari wa upasuaji hajapanga tarehe.