Kumshukuru mama aliyekushika mkono kazini

Mdogo wangu, nimekuelewa. Umefaulu mitihani ya uhasibu ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania, umepata ajira, na unataka kumwandikia mama aliyekuelekeza tangu ukiwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kule Kurasini, Dar es Salaam. Unachoogopa ni kuonekana unajipendekeza.

Hutaonekana hivyo ukitaja jambo lenyewe. "Asante kwa yote" haina uzito. Umesema alikaa nawe hadi jioni mkilinganisha daftari na taarifa ya benki, basi andika hilo: "Shikamoo mama. Jioni ile uliponionyesha kosa lilipo bila kunifokea, ndipo nilipoanza kuielewa kazi. Sasa naifanya mwenyewe, na wageni wa fildi nawaelekeza vilevile." Sentensi ya mwisho ndiyo itakayomgusa, kwa sababu wengi wanaotuelekeza hawapati kujua tuliishia wapi.

Ukurasa mmoja unatosha. Mimi ningeandika kwa mkono nimpelekee. Akiwa mbali, WhatsApp si kosa, ila usimrushie zile picha za maua zinazozunguka kwenye magrupu, tafadhali!

Usichomeke ombi, hata la kumtafutia mdogo wako nafasi. Hilo lina siku yake.

Zawadi? Kama bado anakusimamia au anapitisha malipo yenu, kitenge kisubiri. Akiwa mtumishi wa umma, muulize kwanza ofisa utumishi, maana zawadi yenye nia njema inaweza kusomeka kama rushwa. Na ukitaka kumsifia kwa bosi wake, mwombe ruhusa kwanza.